Stuli ya Upande wa Kulia

Mke wangu alikuwa ananiacha na mimi sikujua kwa nini. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu hupata habari nusu, nusu nyingine wakaitia wenyewe. Wako waliosema nimeoa mke wa pili Majengo. Wako waliosema nimempiga. Sijampiga Razia hata kofi moja kwa miaka arobaini na mmoja, na huyo mke wa pili, kama yuko, mtu anionyeshe nyumba yake, maana hata mimi ningependa kumjua.

Mimi ni Dawoodbhai, fundi saa. Duka langu liko Makadara, pale Mji wa Kale unapoishia na kelele za tuktuk zinapoanza. Ni duka la mlango mmoja. Kuna meza yangu, kuna ukuta wenye saa ishirini na mbili, na nje barazani anakaa Dzoro, Mduruma, anachonga funguo. Tumekaa hivyo miaka kumi na tisa. Yeye hunichokoza, mimi humgombeza, na siku ikipita bila hayo tunaulizana nani mgonjwa.

Mezani kwangu kuna sheria moja, nimeirithi kwa marehemu baba: saa ikiwa wazi, hakuna salamu. Fundi ana kibano mkononi na lenzi jichoni, mtu anaingia na kumshtua kwa salamu, fundi anashusha pumzi, na pumzi moja tu inatosha kurusha skrubu usiione tena mpaka kiyama. Kwa hiyo anayenijua huingia kimya, huketi, hungoja. Nikimaliza natoa lenzi, nainua kichwa, namwanza mimi.

Razia aliijua sheria hii tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Kila siku baada ya adhuhuri alikuja na chai ya maziwa, akaweka kikombe mezani, akakaa kwenye stuli yake upande wangu wa kulia, kwa sababu kushoto kuna dirisha na vumbi la barabara. Nikiinua kichwa nilisema, "Umefika, Mama Zahida?" Naye husema, "Nimefika." Hapo ndipo hufungua mdomo, akanipa ya sokoni, ya wenzetu wa jamatini, na ya Zahida wetu aliyeko Nairobi.

Basi mwaka huu, kuanzia mwezi wa tatu hivi, Razia akaacha kuja. Ndivyo nilivyoona mimi. Chai ilikuwa ikija, lakini yeye hayuko. Nainua kichwa, duka tupu. Nageuka kutafuta kitambaa, nakuta kikombe, nakigusa, kimepoa, tena kimefanya utando juu. Nikadhani anampa Dzoro alete. Nilikasirika, maana chai ya utando siipendi, lakini nikasema, mwanamke amechoka kutembea juani, mwache.

Na mwezi huo huo wa tatu ndio nilioambiwa kwamba jicho langu linakufa. Haya mawili sikuyaunganisha. Wewe ungeyaunganisha?

Nilikwenda hospitali ya macho kutaka miwani mipya ya kusomea, basi. Wakanipima hiki, wakanipima kile, kisha wakanikalisha mbele ya mashine iliyo mfano wa bakuli kubwa jeupe. Unaweka kidevu, jicho moja linazibwa, unatazama katikati, na kila ukiona taa ndogo inawaka unabonyeza kitufe. Wakaanza na jicho la kulia. Nikatazama, nikangoja. Taa moja. Nikangoja tena. Kimya. Nikamwambia yule mama aliyeisimamia, "Mama, mashine yako nzito, inataka kusafishwa." Akaniambia nitazame katikati tu. Tulipohamia jicho la kushoto, taa zikafuatana, hii haijazima ile imewaka, mpaka kidole kikaniuma. Mimi ni fundi, najua mashine iliyolala inavyoamka. Nikasema, ee, sasa imepata moto.

Daktari mwenyewe, Naomi Kadenge, ni binti wa Kigiriama, rika la Zahida wangu, mpole, anaeleza mpaka unaona haya kusema hujaelewa. Akaweka karatasi mbili mezani, moja karibu yote nyeusi, ya pili nyeupe.

"Baba, una presha ya macho," alisema. "La kushoto bado zima. Hili la kulia limeathirika sana."

Nikamwambia, "Daktari, la kulia ndilo jicho langu la lenzi. Leo asubuhi nimefunga skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta."

"Inawezekana kabisa. Ugonjwa huu unakula kutoka pembeni. Katikati huwa mwisho."

Sikumwelewa. Nikamuuliza presha inaliuaje jicho, jicho si tairi. Akacheka kidogo, akachukua kalamu, akachora jicho, akachora na ubongo, akavuta mstari kati yavyo.

"Nyuma ya jicho kuna seli zaidi ya milioni," alisema. "Kila seli ina uzi wake unaokwenda mpaka kwenye ubongo. Uzi unapeleka habari ya kile unachokiona. Lakini kuna kinachorudi pia. Kule mwisho wa uzi seli inapewa protini, tunaziita vichocheo vya ukuaji, nazo zinarudi kwa uzi ule ule mpaka jichoni. Hizo ndizo zinazoiambia seli iendelee kuishi."

"Na zisiporudi?"

"Seli hungoja. Ikikosa kwa muda mrefu, hujizima."

"Hujiua?"

"Ndiyo, baba. Imeumbwa hivyo. Tulipokuwa tumboni mwa mama zetu tulikuwa na seli nyingi kuliko hizi. Zile ambazo nyuzi zao hazikupata kitu upande wa pili zilikufa hata hatujazaliwa."

Akaendelea kwamba presha ikipanda inaziminya nyuzi pale zinapotokea nyuma ya jicho, njia inaziba, na kile chakula cha seli hakipiti. Si sababu pekee, alisema, lakini ni mojawapo. Nikamuuliza hicho chakula hakiuzwi mahali, nikinunue nikitie mwenyewe. Akasema kinatafutwa, kimewasaidia panya maabara, lakini kwa presha ya macho ya binadamu bado haijapatikana dawa ya namna hiyo ya kuaminika, na akija mtu kuniuzia nimkimbie. Yeye angenipa matone ya kushusha presha tu. Tone moja kila jioni, jicho la kulia. Nirudi baada ya wiki sita.

"Zilizokufa hazirudi," alisema. "Tunalinda zilizobaki."

Nilitoka pale kichwa kinazunguka. Nimefungua saa miaka arobaini na mitano, na katika saa nguvu zinakwenda mbele, kutoka kwenye springi, gurudumu kwa gurudumu, mpaka kwenye akrabu zinazokuonyesha wakati. Sijaona akrabu ikairudishia springi kitu. Haiiambii, nimekupata, endelea kuishi. Sasa iweje jicho langu liwe na maisha ya kungoja majibu? Na kama uzi ni mmoja, kinachokwenda na kinachorudi vinapishana vipi? Nilifika Marikiti bado nabishana na nafsi yangu, mkokoteni wa mananasi ukanitokea ghafla upande wa kulia ukanichuna kiwiko. Nikamgombeza mwenye mkokoteni. Akasema, "Mzee, nimekupigia kelele tangu kule." Watu wamekosa adabu siku hizi.

Kesho yake mezani nikapata jibu, na lilikuwa jibu zuri, ndiyo maana nikaliamini. Fikiri nami. Miaka arobaini na mitano nafanya kazi kwa jicho la kulia. Nikivaa lenzi, la kushoto nalifumba. Sasa kama ubongo unalisha jicho linaloleta habari, ni jicho gani limeshinda na njaa miaka yote hiyo? Si la kulia. La kulia limepeleka habari kutwa, kila skrubu, kila jino la gurudumu. Ni la kushoto, limelala kama mwinyi. Basi mgonjwa ni la kushoto. Ile mashine ilikuwa baridi walipoanza, ikamdanganya binti wa watu, naye akaandika alichoonyeshwa. Sikumlaumu.

Kila jioni kabla ya kufunga duka nikawa natia tone moja jicho la kushoto. Sikukosa hata siku moja. Wiki sita zilipofika sikurudi. Nirudi kufanya nini, na mimi naona?

Razia sikumwambia. Zahida anataka tufunge duka tuhamie kwake Nairobi, mwaka wa tatu huu anaimba wimbo huo, na Razia hawezi kumficha Zahida jambo. Angelisikia hili la macho, siku ya pili ningekuwa nimekaa kwenye kochi Nairobi nimevaa sweta. Kwa hiyo chupa ya dawa nikaificha kwenye mtoto wa meza, chini ya betri za saa.

Kutoka hapo mambo yakaniharibikia, na sikujua nilaumu nini. Bega langu likagonga fremu ya mlango ambao nimeupita miaka arobaini na mitano. Chupa ya mafuta ya saa ikaanguka yenyewe. Nikamuuliza Dzoro nani anahamisha vitu vyangu, akasema labda majini, yamepata kazi ya kuhamisha chupa. Njiani watu walikuwa wakinizukia. Natembea, mbele yangu peupe, mara huyu hapa, kifua kwa kifua, tena yeye ndiye anayeudhika. Nikaamini mji umejaa watu wa ghafla.

Nyumbani ndiko kulikonichanganya zaidi. Sisi Mabohora tunakula sinia moja, na kabla ya kula tunaonja chumvi. Miaka yote Razia, anayekaa kulia kwangu, ndiye hunipa chumvi, na mimi huipokea, kisha tunaanza. Mwaka huu akaacha. Nakaa, nangoja, hakuna chumvi, najinyoosha naichukua mwenyewe. Akawa ananijibu maneno mawili matatu. Ndiyo. La. Kipo jikoni. Nikamuuliza, "Mama Zahida, kuna nini?"

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema.

"Nitazame nini?"

Akakusanya vyombo.

Siku nyingine, mwezi wa sita hivi, nilikuwa nachana ndevu, akasimama nyuma yangu mlangoni. "Na hizo kope?"

"Kope gani?"

"Jicho moja limekuwa kama la bibi harusi. Unapaka wanja kwa ajili ya nani?"

Nikasogea kwenye kioo. Kweli. Kope za jicho la kushoto zilikuwa zimerefuka, nyeusi, zimepinda, mimi mzee wa miaka sitini na saba. Nikafurahi, wallahi. Nikasema moyoni, chakula kimefika, jicho linanenepa. Nikajichekea pale kwenye kioo kama mwendawazimu, na siwezi kumweleza ninachochekea. Nilipogeuka hayuko. Fikiria alichoondoka nacho moyoni.

Mwezi wa nane, Jumanne, akaniambia Ijumaa anakwenda kwa Zahida, basi la saa tatu usiku.

"Utarudi lini?"

"Sidhani kama kuna mtu atajua nimeondoka."

Hapo niliumia. Nasema wazi, niliumia, na kwa ujinga wa kiume nikajifanya sikuumia. Nikamwambia, haya, nenda salama, msalimie Zahida. Kisha nikalala macho, nahesabu nilichomkosea. Sikupata. Ningepata kosa ningeomba radhi, hata kama si langu. Lakini mtu anaombaje radhi ya jambo asilolijua?

Ijumaa ile niliifungua saa yake ya mkononi, ile ndogo ya harusi yetu, iliyokuwa imesimama kabatini miaka mingi. Nilitaka niitie uhai kabla ya basi, nimpelekee nyumbani, labda tutazungumza. Ni saa ndogo kama kifungo cha shati, kila kitu ndani yake kinataka pumzi ya nusu. Niliinama nayo tangu adhuhuri. Nikiinua kichwa kupumzisha shingo naona mlango, naona mgongo wa Dzoro, narudi kuinama. Karibu na maghribi ikaanza kugonga. Nikaiweka sikioni. Inakwenda.

Nikatoa lenzi. Nikafungua mtoto wa meza, nikachukua chupa, nikalaza kichwa nyuma, nikatia tone langu jicho la kushoto. Na kwa kuwa duka lilikuwa tupu, nikasema kwa sauti yale ambayo mtu husema akiwa peke yake.

"Hata kuniaga hakuja. Miaka arobaini na mmoja. Nimemfanya nini Razia? Ningejua ningemwangukia miguuni. Akienda mimi nitakaa na nani?"

Dzoro alikuwa anakusanya tupa zake. Akasimama mlangoni, uso umebadilika.

"Dawoodbhai," alisema, "mimi ndoa za watu siziingilii. Miezi yote hii nimenyamaza. Lakini hili la leo ni dhambi. Mama amekaa hapo tangu alasiri na mkoba wake, na wewe unamsema kama hayuko."

"Mama yupi?"

"Mke wako. Huyo hapo."

Nikageuka. Sikugeuza macho tu, niligeuza shingo na mabega, kama mtu anayetazama nyuma ya gari. Razia alikuwa kwenye stuli yake. Amevaa rida yake ya kusafiria, ya rangi ya zambarau, mkoba uko miguuni, mikono juu ya magoti. Ningenyoosha mkono ningemgusa. Alikuwa analia bila sauti.

"Umefika saa ngapi?" nikamuuliza.

"Alasiri. Nilitaka nikuone mara moja, niende zangu." Akajifuta. "Si leo tu. Tangu mwezi wa tatu nimefika kila siku. Nakuwekea chai, nakaa, nangoja uinue kichwa. Unainua kichwa, unatazama, unainama tena. Nikachoka kukaa. Nikawa naweka chai naondoka."

"Chai si ilikuwa inaletwa na Dzoro?"

"Mimi?" Dzoro akasema. "Mimi chai yako sijawahi kuishika."

"Chumvi nimekunyooshea mpaka mkono ukaniuma," Razia alisema. "Unanyoosha mkono wako, unapitisha juu ya wangu, unachukua nyingine. Nikasema, huyu mtu amenichoka, na hana hata uso wa kuniambia."

"Sikukuona, Mama Zahida."

"Ulinitazama."

"Sikukuona."

Nadhani ndipo alipolisikia neno lile jinsi lilivyo. Akainuka, akasimama karibu na sikio langu la kulia. "Mtazame Dzoro," akasema. "Usigeuke. Sema ukiuona mkono wangu."

Nikamtazama Dzoro. Dzoro akanitazama mimi. Saa ishirini na mbili zilikuwa zikigonga ukutani kila moja na mwendo wake. Nikangoja, kama nilivyongoja mbele ya lile bakuli jeupe. Nikasubiri tena, nikaanza kuudhika.

"Anza basi," nikasema.

"Nimeanza zamani," Razia akasema, na sauti yake haikuwa ile ya hasira tena.

Nikainua kiganja changu, nikaziba jicho la kushoto, jambo ambalo nje ya hospitali sijawahi kulifanya bila lenzi. Nikautazama ule ukuta. Saa nilizisikia zote. Nilizoziona ni mbili, zile za katikati. Nyingine hazikuwa nyeusi, hazikuwa na ukungu, hazikuwa kitu. Hazikuwepo. Ukuta uliishia pale jicho lilipoishia na mimi sikuwahi kujua, kwa kuwa lenzi nayo haikuonyeshi zaidi ya hapo. Nikashusha kiganja.

"Hiyo chupa ni ya nini?" Razia akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia yote, la daktari, la presha, la seli zinazongoja.

"Walisema jicho gani?"

"La kulia."

"Na mimi nimekaa hapa nikakuona unatia la kushoto."

Nikaanza kumweleza hesabu yangu, ya jicho la kazi na jicho lililolala, na mashine iliyokuwa baridi. Mezani kwangu ilikuwa hesabu nzuri sana. Kila nilivyozidi kuisema mbele yake ndivyo nilivyozidi kujisikia mpumbavu, mpaka sentensi ya mwisho sikuimaliza. Dzoro akasema kutoka mlangoni, "Sikio la kufa halisikii dawa." Kisha akaona haya, akachukua kapu lake akaenda.

"Miezi mitano," Razia alisema. "Kumbe hukuwa umenichoka."

"Mimi nilidhani wewe ndiye umenichoka."

Saa tatu basi lilikwenda Nairobi bila yeye. Alimpigia Zahida, akamwambia baba yako ni mgonjwa, tena ni mjinga, nitakueleza.

Jumatatu tulikwenda wote kwa Daktari Naomi. Akapima presha, akaandika, akapima tena, akakunja uso. "Baba, dawa unatia?"

"Kila jioni. Sijakosa hata siku moja."

"La kushoto presha yake nzuri kuliko mara ya kwanza. La kulia iko juu vile vile. Sielewi."

Razia akajibu kwa niaba yangu, na daktari akasema ndiyo maana hata kope za kushoto zimerefuka, matone hayo hufanya hivyo. Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akafungua karatasi mpya ya lile bakuli, akaiweka kando ya ile ya mwezi wa tatu, na hata mimi niliona kwamba ule weupe mdogo wa katikati umepungua. Seli hizo zilikuwa zangu na nimeziua mwenyewe kwa akili zangu. Akasema kilichobaki kinaweza kulindwa, kwa matone, na pengine upasuaji, lakini hakuniahidi. Kazi ya lenzi nijifunze kuifanya kwa jicho la kushoto.

Kabla ya kutoka nikamuuliza swali lililokuwa likinisumbua. "Zile seli, daktari. Zikikosa jibu zinangoja muda gani?"

"Si sawa kwa zote. Nyingine wiki, nyingine miezi."

Razia alikuwa upande wangu wa kulia, simwoni, lakini nilimsikia anavuta pumzi. Nikafikiri, mke wangu alifika kila siku, na kutoka kwangu hakikumrudia kitu, hata neno moja. Miezi mitano. Sijui alipata wapi nguvu za kungoja vile, na sikuthubutu kumuuliza.

Sasa nafanya kazi na lenzi jicho la kushoto. Ni vigumu. Mkono umezoea mwelekeo mwingine, na skrubu nimepoteza mwaka huu kuliko miaka kumi iliyopita. Tone la jioni ananitia Razia. Kila jioni anauliza, "Jicho gani?" na kila jioni lazima nijibu, ndipo atie.

Stuli nilitaka kuihamisha. Nilimwambia akae kushoto, dirishani, nitapachika pazia la kuzuia vumbi, ili nikiinua kichwa nimwone. Akakataa.

"Stuli ikae palepale," alisema. "Wewe una shingo. Geuka."

Basi nageuka. Nikimaliza saa naweka lenzi chini, nageuza shingo na mabega mpaka mwisho, nasema, "Umefika, Mama Zahida?" Kuna siku nasema kumbe stuli tupu, bado yuko njiani na chai yake. Dzoro hucheka kule barazani. Namwacha acheke. Nageuka tena, nauliza tena.